Linux inachelewa kuwaka? Usianze kwa kuzima huduma

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mara anatokea mtu na orodha ya "huduma za kuzima ili Linux iwe nyepesi". Watu wanainakili kama ilivyo, kesho yake ni vilio: printa haionekani, Bluetooth imekufa, laptop hailali ukiifunika. Mwenye orodha hakudanganya, kwake ilifanya kazi. Ila hajui mashine yako ina nini na wewe unaitumiaje.

Nitaeleza utaratibu ninaoufuata mimi kwenye kompyuta ya kawaida yenye Ubuntu, Debian, Mint, Fedora au Arch. Zote hizo zinaendeshwa na systemd, programu inayoanza ya kwanza baada ya kerneli na kuwasha huduma, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Kwa wageni: zamani kazi hii ilifanywa na skripti za `/etc/init.d` zilizopangwa foleni, Ubuntu ikaja na Upstart mwaka 2006, kisha mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaitangaza systemd. Fedora 15 iliipokea 2011, na mwaka 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 nazo zikaingia. Ugomvi wa kama ilikuwa sahihi una nyuzi zake, tusiuhamishie hapa.

Kitu cha kwanza: kuchelewa kuwaka na kuwa nzito baada ya kuwaka ni shida mbili tofauti. Kuna huduma inayokuchelewesha nusu dakika asubuhi kisha haili chochote siku nzima. Kuna nyingine inaanza kufumba na kufumbua, halafu inashinda ikichakura diski. Ukizitibu kwa dawa moja utapoteza muda wako.

Kwa anayechelewa kuwaka

Andika hii kwenye terminali:

`systemd-analyze`

Utaona muda umegawanywa: firmware (BIOS), loader (kama GRUB, inayopakia mfumo), kernel (kiini cha Linux), userspace (huduma na programu zinazofuata). Huduma zote tunazobishania humu zimo kwenye userspace peke yake. Kama firmware inakula sekunde 15 na userspace sekunde 6, unaweza kuzima nusu ya huduma zako na usione tofauti yoyote. Nenda kwenye mipangilio ya BIOS, zima kuwaka kupitia mtandao, washa fast boot, ondoa USB zisizohitajika, yakiisha urudi tuzungumze.

Wengi wanakimbilia `systemd-analyze blame`, wanaona majina yamepangwa kwa sekunde, wanaanza kufyeka kuanzia juu. Amri hiyo isomwe kwa uangalifu. Huduma zinaanza kwa pamoja, si moja baada ya nyingine, kwa hiyo huwezi kujumlisha zile sekunde. Halafu huduma inaweza kuonekana nzito kwa sababu ilikuwa inamsubiri mwenzake. Mfano mzuri ni `plymouth-quit-wait.service`: karibu kila mara iko juu kabisa, na kazi yake ni kusubiri picha ya kuwaka iondoke tu. Haina hatia. Na huduma za aina ya `simple` hazionyeshwi kabisa kwenye blame, maana systemd huzihesabu kuwa zimeanza papo hapo.

Amri inayosema ukweli zaidi ni hii:

`systemd-analyze critical-chain`

Hii inaonyesha mnyororo wenyewe uliokuweka ukisubiri. Namba yenye `@` ni wakati yuniti (huduma au kitu kingine kinachosimamiwa na systemd) ilipokuwa tayari, yenye `+` ni muda iliochukua kuanza. Tafuta `+` kubwa. Ukipenda picha, `systemd-analyze plot > kuwaka.svg` kisha ifungue kwa kivinjari. Mistari mirefu utaiona mwenyewe.

Sasa, nimeangalia mashine nyingi za watu, na mara nyingi tatizo halikuwa huduma nzito. Kulikuwa na kitu kinachosubiri kitu kisichokuja. Wahusika ni walewale.

Wa kwanza ni `NetworkManager-wait-online.service`. Hii haileti mtandao, inazuia tu baadhi ya mambo mpaka mtandao upatikane. Kama huna folda za seva zinazounganishwa wakati wa kuwaka, na huna huduma inayodai intaneti kabla haijaanza, izime bila wasiwasi. Wi-Fi yako itaunganika kama kawaida.

Wa pili yumo ndani ya `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kuunganisha wakati wa kuwaka. Uliwahi kuwa na diski ya pili, ukaitoa au ukaiformati upya, UUID (namba yake ya utambulisho) ikabadilika, mstari ukabaki. systemd inaisubiri diski hiyo sekunde 90, na kwenye skrini unaona "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/…" na saa ikihesabu. Linganisha fstab na `lsblk -f`, futa mstari mfu. Diski ya nje ambayo wakati mwingine ipo na wakati mwingine haipo, iwekee `nofail,x-systemd.device-timeout=5s`.

Wa tatu ni swapu, nafasi ya diski inayoisaidia RAM. Kwa wa Debian na Ubuntu: ukifuta patisheni ya swapu, faili la `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` linaweza kubaki na UUID ya zamani, na kerneli inakaa inangoja pa kuamkia. Rekebisha au andika `RESUME=none`, kisha `sudo update-initramfs -u`.

Hao watatu wanamaliza kesi nyingi kabla hatujagusa huduma hata moja.

Kwa anayelalamika uzito

Orodhesha zinazotembea sasa hivi:

`systemctl list-units --type=service --state=running`

na zilizoruhusiwa kuanza zenyewe:

`systemctl list-unit-files --type=service --state=enabled`

Usishtuke kwa urefu wa orodha. Huduma iliyolala haili prosesa, na RAM inayoshika mara nyingi ni megabaiti chache. `bluetooth.service` isiyotumika haikupunguzii chochote cha maana. Angalia `systemd-cgtop`, au `systemctl status jina`, mstari wa Memory, ndipo uhukumu. Na kwenye `free -h` soma safu ya `available`, usiangalie `free`. Linux huitumia RAM iliyolala kuhifadhi mafaili ya karibuni, na huiachia mara inapohitajika.

Kwenye mashine za watu wa programu, wanaokula kweli ni hifadhidata na kontena: MySQL, PostgreSQL, Docker. Kwenye Debian na Ubuntu ukisakinisha tu kifurushi cha huduma, kinajiwasha saa hiyohiyo na kila ukiwasha kompyuta. Fedora kwa kawaida inakuachia uamue. Kama unagusa PostgreSQL mara moja kwa wiki:

`sudo systemctl disable --now postgresql`

na siku ukiihitaji, `sudo systemctl start postgresql`. Docker ni nzuri zaidi: zima `docker.service`, acha `docker.socket` (soketi, yaani mlango unaosikiliza na kuiamsha huduma ikiitwa), nayo itaamka yenyewe siku utakapoandika amri ya kwanza ya `docker`. Ila kontena ulizozipangia kujiwasha zitalala mpaka hapo.

Wengine ni waorodheshaji wa mafaili: kwenye GNOME ni Tracker, ambayo toka toleo la 47 inaitwa LocalSearch, na kwenye KDE ni Baloo. Siku za mwanzo hupiga kelele kwa sababu wanasoma kila kitu ulichonacho. Waache wamalize. Wakiendelea, waondolee folda zenye maelfu ya mafaili ya programu badala ya kuwaua, la sivyo sehemu ya kutafuta haitapata kitu, utakuja kulalamika tena.

Umeizima, imefufuka

Hapa ndipo orodha za kunakili zinapoanguka. `disable` maana yake ni kuondoa kiungo kinachoiita huduma wakati wa kuwaka, hakuna zaidi. Bado inaweza kuitwa na soketi, na taima, na kifaa ulichochomeka, na programu nyingine kupitia D-Bus (njia ya programu kuwasiliana), au na huduma inayoitegemea. Kwa hiyo kabla sijazima naangalia nani anaiita:

`systemctl status cups.service`

Ukiona mstari wa `TriggeredBy`, hao ndio waitaji. Kwa printa ni `cups.socket` na `cups.path`. Ukizima service ukaziacha hizo mbili, kazi ya kwanza ya kuchapa itaiamsha. Ukitaka iondoke kabisa, zima zote tatu kwa amri moja. Na kuna:

`systemctl list-dependencies --reverse jina.service`

inayokuonyesha nani ataumia ukiiondoa.

Ukikuta hali ya huduma ni `static`, usihangaike na enable wala disable, haina sehemu ya `[Install]`. Inaanza kwa kuitwa tu. `packagekit.service` ni ya namna hiyo: duka la programu ndilo linaloiita.

`mask` ni jambo jingine. Inaweka kiungo kwenda `/dev/null`, hakuna anayeweza kuiwasha, hata wewe, mpaka u-`unmask`. Itumie pale tu unapojua unachokifanya. Na kuna majina ambayo sitaki kumwona mtu anayagusa: dbus, systemd-logind, polkit, udisks2, accounts-daemon, NetworkManager yenyewe. Mafaili yaliyo `/usr/lib/systemd/system` nayo usiyahariri kwa mkono, sasisho litayafuta. Tumia `sudo systemctl edit jina`, mabadiliko yako yatakaa `/etc/systemd/system` na `systemctl revert` itayaondoa ukijuta.

Nakaribisha maswali.

---

kijiti_cha_usb

Mkuu, nimefuata `critical-chain`, wait-online ilikuwa inakula sekunde 28. Asante. Swali: nina programu ya gumzo na ya kuhifadhi mafaili, zote zinafunguka kila nikiingia, lakini kwenye `systemctl` sizioni. Zinatoka wapi?

Mleta uzi

Hizo si huduma za mfumo, zinaanza na akaunti yako. Angalia folda mbili: `~/.config/autostart` na `/etc/xdg/autostart`. Humo kuna mafaili ya `.desktop`. La kwanza ni lako, futa unavyotaka. La pili ni la watumiaji wote; usilifute, linakilie kwenye folda yako kwa jina lilelile kisha ongeza mstari `Hidden=true`. Lako linashinda.

Kama hupendi terminali, KDE wana Autostart kwenye System Settings, XFCE wana Session and Startup, GNOME wana Tweaks. Ila programu nyingi zina kitufe chake zenyewe cha kujiwasha, na usipokizima humo ndani ya programu zitaandika faili upya ukizifungua. Anza huko.

Halafu kuna systemd ya mtumiaji, ambayo wengi hawaijui: `systemctl --user list-units --type=service`. Sauti, yaani PipeWire na WirePlumber, inakaa huko. Usiizime.

kijiti_cha_usb

Zilikuwa autostart zote mbili. Moja ilikuwa Flatpak (programu iliyofungashwa na kila inachohitaji).

mama_kerneli

Kwa walio GNOME 44 na kuendelea, ukifungua menyu ya juu kulia utaona programu za Flatpak zinazotembea bila dirisha, na unaweza kuzifunga hapohapo.

Mleta uzi, nikupinge kidogo. Umesema huduma iliyolala haina madhara. Kwa RAM, sawa. Kwa usalama siyo. Septemba 2024 lilitoka tangazo kuhusu `cups-browsed`, CVE-2024-47176: ilikuwa inasikiliza mlango wa UDP 631 kwa yeyote, na ikichanganywa na mapengo mengine mtu wa nje aliweza kutekeleza amri kwenye mashine yako pindi ukichapa. Ilikuwa imelala kwenye kompyuta za watu ambao hawana printa maishani. Kigezo changu mimi si megabaiti, ni milango iliyo wazi:

`sudo ss -tulpn`

Chochote kinachosikiliza kwenye `0.0.0.0` au `[::]` na sijui kwa nini, kinatoka.

Mleta uzi

Dada, hapo umenishinda, na naongeza amri hiyo kwenye utaratibu wangu. Nitetee kitu kimoja tu: `avahi-daemon` nayo itaonekana hapo, mlango 5353. Watu wataifyeka. Ndiyo inayotafuta printa za mtandao na majina ya `.local`. Asiye na matumizi hayo aizime, pamoja na `avahi-daemon.socket`, vinginevyo itarudi.

mama_kerneli

Sawa kabisa. Na `sshd` kwenye laptop ambayo hakuna anayeiingilia kwa mbali, sioni sababu.

fundi_waya

Mimi nafanya na bodi ndogo za kielektroniki, nachomeka kwa USB. Kwenye Ubuntu 22.04 nikichomeka, `/dev/ttyUSB0` inatokea halafu inapotea. Inahusiana na uzi huu?

Mleta uzi

Inahusiana sana, mkuu. Angalia `journalctl -k -f` kisha uchomeke. Nadhani utaona jina `brltty`. Hiyo ni huduma ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona, na kanuni yake ya udev (inayotambua vifaa vinapochomekwa) ilikuwa inadai chipu za CH340 (utambulisho 1a86:7523) kana kwamba ni kifaa chake. Kama hakuna anayekihitaji kwenye mashine hiyo, `sudo apt remove brltty`. Kama yupo, usiondoe, lemaza mstari huo mmoja wa kanuni.

Wakati uko hapo, mtazame na `ModemManager`. Kazi yake ni modemu za simu, lakini hujaribu pia kuzungumza na vifaa vya serial visivyo modemu. Huna modemu ya laini? Izime.

fundi_waya

brltty ndiyo yenyewe. Bodi imekaa.

nyota_njema

Wakuu, mimi kuwaka hakuna shida, ni KUZIMA. Inakaa imeandika "A stop job is running for User Manager for UID 1000", dakika mbili nzima. Mtu mmoja ameniambia nipunguze muda kuwa sekunde 5 kwenye `system.conf`. Nifanye?

Mleta uzi

Usiende sekunde 5. Muda huo umewekwa ili hifadhidata na mashine pepe zipate nafasi ya kuandika data yake. Kiwango cha asili ni sekunde 90. Fedora 38 waliushusha hadi 45, na hapo ndipo ningeishia hata mimi.

Kwako kuna programu ya akaunti yako inayokataa kufa. Washa tena, kisha soma mwisho wa safari iliyopita:

`journalctl -b -1 -e`

Tafuta mistari ya "timed out" na "Killing process". Jina litakuwa hapo.

nyota_njema

Limetoka jina la skripti yangu mwenyewe ya kunakili mafaili, niliiweka autostart. Ina `while true` ndani yake.

mama_kerneli

Hiyo isikae autostart. Itolee ile `while`, iwe inafanya kazi mara moja na kuondoka, kisha ipe taima. `~/.config/systemd/user/nakala.service`:

```
[Unit]
Description=Nakala za mafaili yangu

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=%h/bin/nakala.sh
Nice=15
IOSchedulingClass=idle
```

na `nakala.timer` kwenye folda hiyohiyo:

```
[Unit]
Description=Kunakili kila siku

[Timer]
OnCalendar=daily
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kisha `systemctl --user daemon-reload` na `systemctl --user enable --now nakala.timer`. `Persistent=true` inamaanisha kama kompyuta ilikuwa imezimwa saa ilipofika, itafanya kazi utakapoingia. Usitumie `~` kwenye ExecStart, hapo hakuna shell ya kuielewa. `%h` ndiyo nyumbani kwako. Matokeo yanaonekana kwa `journalctl --user -u nakala`.

Mleta uzi

Na ukitaka ifanye kazi hata kabla hujaingia kwenye akaunti, `loginctl enable-linger`. Ila kwa laptop ya mtu mmoja sioni haja.

nyota_njema

Imezima kwa sekunde chache. Mungu awabariki.

chura_wa_void

Mnatusahau sisi tusio na systemd. Void ni runit: huduma ni kiungo tu ndani ya `/var/service`, ukikifuta imezimika, ukikirudisha imewaka. `sv status` inakupa hali. Gentoo na Alpine wana OpenRC, `rc-update del jina` na `rc-status`. Hakuna soketi ya kuifufua nyuma ya mgongo wako.

Mleta uzi

Karibu mkuu. Kweli ni nyepesi kuelewa. Kuamka kwa kuitwa hamna pia, kwa hiyo kila mliyoiwasha inakaa wima siku nzima. Kila mtu achague.

pazia_jeusi

Naandikia kwenye simu. Nilianza kusoma uzi nusu, nikafuata orodha nyingine mahali pengine, nikai-mask vitu. Sasa inawaka mpaka skrini nyeusi, hakuna sehemu ya kuingia. Nisaidieni kabla sijaformati.

Mleta uzi

Usiformati, hakuna kilichopotea. Washa, kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e` (kama menyu haitokei, shika Shift au gongagonga Esc mara tu inapowaka). Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika:

`systemd.unit=rescue.target`

Kisha Ctrl+X. Itakuomba nywila ya root. Ukifika kwenye maandishi:

`ls -l /etc/systemd/system | grep /dev/null`

Hizo zote ndizo zilizofungwa, ingawa moja mbili zinaweza kuwa zimekuja hivyo na distro. Tutajie majina.

pazia_jeusi

Ubuntu hapa, root haina nywila, imegoma.

mama_kerneli

Rudi GRUB, chagua Advanced options, kisha mstari wenye "recovery mode", halafu "root". Kama hiyo nayo inadai nywila, bonyeza `e` tena na mwishoni mwa mstari ule wa `linux` weka `init=/bin/bash`. Ukiingia, kwanza `mount -o remount,rw /` ili uweze kuandika.

pazia_jeusi

Recovery imekubali. Zilizofungwa: accounts-daemon, colord, gdm, ModemManager, switcheroo-control.

Mleta uzi

gdm ndiyo dirisha la kuingilia lenyewe! Aliyeiweka kwenye orodha sijui alikuwa anatumia nini.

`systemctl unmask gdm accounts-daemon colord switcheroo-control`

ModemManager iache ilivyo kama huna modemu. Kisha `systemctl reboot`. Ikigoma, leta `journalctl -b -p err` ya safari hiyo, piga picha tu.

pazia_jeusi

Imewaka, nimeingia. Nikiandika `systemctl --failed` sasa hivi inasema 0. Ile wait-online nayo niizime au nitulie kwanza?

Mleta uzi

Leta `critical-chain` kwanza.